Vumbi la Mastiki na Poda ya Tate

Juma lililopita matokeo ya mtihani wa serikali, ule wa kumaliza sekondari, yalitoka, na Bunia nzima ikawa nyeupe. Wewe wa huku unanielewa. Pikipiki zilianza kupiga honi tangu asubuhi, vijana watatu watatu juu ya kiti kimoja, shati jeupe, nywele nyeupe, uso mweupe, filimbi mdomoni. Nyuma yao mama mmoja anakimbia na kopo mkononi, anatafuta mahali ambapo mtoto wake hajapakwa bado. Kwetu diploma haipokelewi kwa mikono, inapokelewa kwa kichwa. Aliyefaulu anamwagiwa ile poda ya watoto wachanga mpaka akohoe, kisha anatembezwa kartie nzima, mtaa wote, ili asibaki mtu wa kusema hakujua.

Kila mwaka siku hiyo mimi hufunga atelie yangu ya mbao mapema. Sina kinyongo na mtoto wa mtu, nafunga tu. Na msichana ninayemfundisha useremala, kabla hajatoka, namwekea beseni la maji na kipande cha sabuni nyuma ya mlango. Nilifanya hivyo kwa wasichana waliomtangulia, wakaoga bila neno. Huyu wa sasa ana mdomo. Akaniuliza kwa nini siku zote tunarudi nyumbani na vumbi letu hadi kwenye kope, halafu leo tu ndiyo tuoge kwanza. Nikamkaripia, nikamwambia maswali mengi hayapigi randa. Lakini swali lilikuwa limeshaingia, ndugu yangu. Lilinirudisha Mudzipela, kartie ya hapahapa Bunia, kwenye ua ule tuliokaa wakati wa vita, na uso ukaniwaka moto kana kwamba mambo yale yametokea jana.

Sisi ni watu wa upande wa Djugu. Wazazi wangu walilima mihogo na maharagi, na bibi yangu, ambaye kwetu tunamuita tate, alikuwa na shamba lake mwenyewe na neno lake mwenyewe. Akishasema, amesema. Shuleni nilikaa benchi la mbele, na si kwa sababu ya ufupi. Mwalimu alikuwa na msemo aliowatupia wavivu kila alipokuwa anarudisha madaftari: usiposoma utaishia kwa seremala, utakula mavumbi ya mbao hadi uzee. Darasa zima lilikuwa linacheka. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote, maana mavumbi yale yalikuwa ya watu wengine.

Tate hakujua kusoma hata jina lake, lakini siku nilipoingia sekondari alishuka sokoni akarudi na kopo moja la poda. Akalilaza chini kabisa ya sanduku lake, chini ya vitenge vya Jumapili, pamoja na vipande vya sabuni ili nguo zinukie. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Mtoto mchanga wa shangazi alipotokwa na vipele vya joto, shangazi aliomba kidogo tu, cha kumpaka shingoni. Tate akampaka mtoto mafuta ya mise, yale ya michikichi, akamrudisha kwa mama yake.

"Hii poda iko na mwenyewe," akasema.

Mwenyewe nilikuwa mimi. Katika ukoo wetu hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwagiwa poda. Wakati mwingine nikisoma karibu na moto nilikuwa nawaza jinsi itakavyonukia, nikawa nasoma zaidi.

Vita vilipofika kwetu sitavisimulia, waliovipitia hawahitaji na wengine hawatanielewa. Nitasema tu kwamba njia zilitugawa. Mama, mimi na wadogo zangu tuliingia Bunia kwa miguu. Tate na shangazi walishika njia ya ziwa, wakafika Tchomia, na huko wakakaa kwa watu wanaokausha samaki. Baba alituacha Mudzipela katika nyumba ndogo nyuma ya ua wa watu, akaenda Kilo kuchimba dhahabu, akisema atarudi na pesa ya shule. Dhahabu ya Kilo haikumjua baba yangu, na shule yangu ikakatikia kwenye mwaka wa nne wa sekondari.

Mama hakupenda kuniona nimekaa. Kanisani alikutana na fundi mmoja wa mbao, mzee mpole mwenye kidole kimoja kilichopinda, ambaye alikubali kunichukua bila ile ada ambayo wazazi hupeleka kwa fundi siku ya kumkabidhi mtoto. Mama alirudi anatabasamu. Mimi niligeukia ukuta. Nikasikia sauti ya mwalimu wangu na darasa zima, na kicheko changu mle ndani, kimenirudia.

Basi nikaenda. Atelie yenyewe ilikuwa nguzo za mkalatusi na mabati juu, pembeni ya njia, kila apitaye anakuona. Usidhani mtu anafika kwa fundi akapewa msumeno. Miezi ya kwanza unafagia takataka za randa. Unanyoosha misumari iliyopinda juu ya jiwe, na kidole chako ndicho kinalipa. Unachemsha chai. Unashika mwisho wa mbao fundi anapokata, na ole wako ukitikisika. Nilikuwa nafikiri kushika mwisho wa mbao ni kazi ya kigingi, mpaka siku nilipoachia kidogo na ubao ukapasuka katikati. Fundi hakupiga kelele. Alikuwa na msemo mmoja alioutumia kwa kila jambo, kuanzia gundi isiyokauka hadi mteja mwenye hasira.

"Mbao haina haraka. Haraka iko na weye."

Vijana wawili waliokuwa wanajifunza pale kabla yangu walinibatiza jina la Diplome, kwa sababu siku ya kwanza nilimsalimu fundi kwa Kifaransa cha shule. Diplome, leta gundi. Diplome, fagia hapa. Hawakuwa watu wabaya, tulikula bugali na maharagi kwenye sahani moja na walinibakizia. Lakini kila walipoita jina lile mtu akageuka njiani, nilitamani kuingia ndani ya kabati nijifungie. Asubuhi nilikuwa napita njia ya nyuma, kwenye mifereji, ili nisikutane na wanafunzi wenye yunifomu. Jioni nilibeba nyumbani mfuko wa takataka za randa kwa ajili ya moto wa mama. Chakula chetu chote kilinukia mbao, hata mboga za lengalenga, hata chai.

Na bado, nikwambie ukweli, mikono yangu ilianza kupenda kazi kabla yangu. Libuyu, ile mbao yetu ngumu, ukiipiga randa inatoa utepe mrefu mwekundu wenye harufu kama ya pilipili, na chini yake mbao inang'aa kama imetoka kuoga. Ilikuwa inanipita furaha fulani mle vidoleni, kisha nakumbuka niko wapi, naikunja.

Miaka ile tulitengeneza masanduku ya maiti mengi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Sanduku la maiti halisubiri mastiki. Unapiga msumari, unalitoa, familia inangoja nje. Kwa hiyo mtu alipoagiza kabati tulifurahi kama watoto. Kabati linataka mastiki. Ni unga mweupe uliochanganywa na gundi mpaka uwe kama ugali laini. Unaziba nao kila tundu la msumari, kila mwanya, unaacha ukauke, halafu unapiga msasa mpaka kidole kisisikie kitu. Hapo ndipo vumbi linapotoka, jeupe, jepesi, linaingia hadi masikioni. Fundi akanipa kabati lile, milango yake yote na mbavu zake. Nilipima mimi, nikakata mimi, nikaunga mimi. Yeye alikaa juu ya benchi lake na kikombe cha chai, na kila nilipomwangalia aliangalia barabara.

Ndipo tate akafika. Alikuja juu ya lori la samaki kutoka Tchomia, amekonda, jicho moja limeingia ukungu, nguo zake zinanuka moshi wa samaki. Wadogo zangu walimrukia. Mzigo wake ulikuwa kidogo: sufuria isiyo na kifuniko, kitabu cha nyimbo ambacho hakuweza kukisoma, na lile kopo. Alilikimbiza kutoka Djugu, akalilalia Tchomia, wakati vitenge vyote vya Jumapili vilibaki nyuma. Akaliweka katikati ya mkeka. Mama akalitazama kopo, kisha akanitazama mimi, kisha akaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Tate alihesabu kwa vidole. Aliniacha kwenye mwaka wa nne. Ukatoka huo, ukaja wa tano, ukaja wa sita. Basi huu ndio mwaka wa diplome, akasema, kwa sauti ileile aliyokuwa anasemea mihogo iliyokomaa. Usiku mama aliniambia tumwache kwanza ale, apumzike, Jumapili atamweleza. Jumapili ikapita. Kila neno la shule lilipokaribia, mama alikuwa anapakua chakula. Tate aliniona natoka asubuhi, akaniombea baraka za masomo, nikapita njia ya nyuma kwenda kwa fundi, na jioni nikanawa mferejini kabla ya kuingia.

Siku ya matokeo ilinikuta kwenye mlango wa pili wa kabati. Honi zilianza, filimbi zikafuata. Wale vijana wawili walitupa vifaa vyao wakakimbilia barabarani kuangalia. Mimi niliinamisha kichwa nikazidi kupiga msasa. Nilipiga msasa siku ile kwa hasira, nikalainisha ule mlango mpaka fundi akaja kuupitisha kiganja na kuniambia imetosha, nisiumalize wote. Akaniruhusu niende nyumbani, na jua bado liko juu. Nilikung'uta nguo, lakini nilikuwa mweupe kuanzia nywele hadi vidole vya miguu. Nikashika njia yangu ya nyuma. Siku ile hata njia ya nyuma ilikuwa na watu. Kundi la wanafunzi wakaniona, wakashangilia, msichana nisiyemjua akanikumbatia akaniambia hongera, tumefaulu. Nikaongeza mwendo, nikaupita hata mfereji niliokuwa nanawia.

Tate alikuwa ameketi uani kwenye mkeka, anachagua maharagi. Akainua kichwa, na kwa lile jicho lake moja akaniona naingia getini hivyo nilivyo.

Sinia la maharagi likamwagika. Akapiga kigelegele, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu kwetu. Wanawake wa ua wakatoka mbio. Jirani yetu, mama mwenye kukaanga mandazi, aliacha mafuta motoni akaja na mwiko mkononi. Nikanyoosha mikono, nikasema tate, ngoja, lakini alikuwa ameshaingia ndani na kutoka na kopo. Kifuniko kilishika kutu. Akakipiga kwa jiwe. Kisha akanimwagia kopo lote kichwani, lote, akaligonga chini ili isibaki hata chembe, na poda ikaniingia mdomoni nikiwa bado nasema ngoja.

Ilinukia kama nilivyokuwa nawaza. Tate akacheza. Alicheza ngoma ya mavuno ya kwetu, ile ya kupiga mguu chini na kutikisa mabega, mwanamke mzee aliyeshuka kwenye lori akiwa mifupa mitupu, na wale mama wakapiga makofi na kumpokea wimbo wasioujua. Na mimi katikati. Nikwambie kitu ambacho hata leo kinaniinamisha kichwa: kwa muda wa wimbo ule niliona utamu. Nilikuwa mwanafunzi wa benchi la mbele, nimefaulu, hakuna vita vilivyokuja.

Jirani wa mandazi hakuwa na nia mbaya. Aliuliza kile ambacho kila mtu anauliza siku ile.

"Tate, mutoto alipata pursantaje ngapi?"

Tate akanigeukia, anahema, anacheka, anangoja nimpe hiyo hesabu ya asilimia aishike. Wote wakaningoja.

"Sikufanya mutihani, tate. Siye hatuna shule tangu tulifika huku. Natoka ku kazi, kwa fundi ya mbao. Hii ilikuwa bumbi tu."

Makofi hayakukoma mara moja. Yalikufa moja moja, mikono ikabaki imeshikana. Kulikuwa na harufu ya mafuta yanayoungua. Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa. Nilimuona tate akitazama kopo, akalichungulia ndani, akalitazama tena. Halafu akanikaribia, akapitisha kidole kwenye mkono wangu, akakinusa. Alisikia gundi chini ya poda.

"Bumbi ya nini?"

"Ya kabati, tate."

"Nani alilitengeneza?"

"Ni miye."

Alitaka kusema kitu. Lakini mama alikuwa amefika kutoka sokoni, ameona ua umejaa, ameona kopo, ameelewa yote mara moja. Mama yangu ambaye hakuwahi kunipigia kelele alinishika mkono akanivuta nyuma ya nyumba, akachota beseni, akaanza kunisugua kwa sabuni ya kufulia, kichwa, shingo, masikio, kama mtoto aliyeanguka chooni. Alikuwa analia kwa hasira na ananong'ona kwamba watu wasituone, watu wasituone hivi. Tate alitufuata mpaka kwenye kona ya nyumba. Alisimama pale na kopo lake.

"Mumuache nayo kidogo," akasema.

Mama hakumsikia, au alisikia. Maji meupe yakapita kati ya miguu ya tate yakaelekea uani, hadi kwenye maharagi yaliyomwagika. Sikusaidia na sikukataa. Niliinamisha tu kichwa nisuguliwe. Mastiki na poda vilitoka pamoja, hukuweza kujua kipi ni kipi. Kwa siku nyingi baadaye, wanawake wa ua walinisalimu kwa upole kupita kiasi, na huo upole ulinichoma kuliko kicheko cha yule aliyekohoa.

Tate hakulizungumza tena. Ila juma lililofuata, bila kumwambia mtu, aliuliza njia akaja mwenyewe atelie na fimbo yake. Vijana wakamtengea kiti. Aliomba aonyeshwe kabati kabla halijachukuliwa. Akafungua mlango, akaufunga, akaufungua. Akapitisha kiganja juu ya mbao, polepole, akitafuta tundu la msumari, asilipate. Kisha akamuuliza fundi, siku mtoto huyu atakapomaliza kujifunza, mnamfanyia nini. Fundi akasema hakuna kikubwa, anampa mkono, anampa randa yake, mtoto anaenda.

"Hakuna poda?"

Fundi akacheka, akasema ah, mama, poda ni ya watu wa masomo. Tate hakucheka. Alikunywa chai yake, akashukuru, akarudi nyumbani kwa mguu.

Alikufa kabla sijamaliza. Sanduku lake nililitengeneza mimi, na safari hii nilitia mastiki, fundi akaiambia familia ingoje. Kopo aliniachia, alisema niwekee misumari. Siku niliyopewa randa yangu ilikuwa siku kama siku nyingine. Fundi akanipa mkono, nikapita njia ya nyuma.

Leo hakuna kitu kilichobaki pale. Fundi amelala karibu na kanisa lake. Mahali pa atelie panauzwa simu, na ua wetu wa Mudzipela umejengwa upya kwa tofali, wale mama wote wametawanyika, wengine wamerudi kwao, wengine hawakuweza. Mkate wangu unatoka kwenye mbao, nimewasomesha wadogo zangu kwa mbao, na kopo la tate liko juu ya benchi langu. Miaka ya kwanza ukilifungua ulisikia poda. Sasa linanuka chuma tu.

Haya, nilikuwa nakwambia kuhusu huyu msichana wangu. Baada ya kumkaripia nilichukua beseni mwenyewe nikamletea. Alinitazama kwa mshangao, mweupe hadi kwenye nyusi, maana siku ile alimaliza mastiki ya meza yake ya kwanza.

"Fundi, nioge juu ya nini? Siko muchafu. Natoka ku kazi."

Akafungua mlango akatoka. Kwenye kona, kundi la wanafunzi weupe kama yeye wakamzunguka na filimbi zao, wakamuuliza pursantaje. Nilishika beseni kwa nguvu. Nilitaka kukimbia nimvute. Akawajibu kwamba yeye ana meza moja, na droo zake zinafunga vizuri. Wakacheka, naye akacheka nao, na kijana mmoja akammalizia poda iliyobaki kwenye kopo lake. Akaendelea na safari katikati ya barabara, taratibu, bila kujikung'uta.

Nikabaki mlangoni na maji yangu. Miaka yote hii nilijiambia nawakinga wasichana hawa na macho ya watu. Barabara ilikuwa imejaa watu, na macho yaliyoona aibu yalikuwa haya yangu peke yake. Mama naweza kumwelewa, alishtukizwa. Mimi nililiandaa beseni mwaka hadi mwaka. Na mtu aliyebeba poda kutoka Djugu, akaimwaga yote juu ya vumbi la mbao mbele ya kartie nzima, mtu pekee aliyekuwa na haki ya kuniambia nioge, aliomba tu niachwe nayo kidogo.